Laini Iliyokatika Watu Wakijaa

Modemu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiri. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kitu cha maana, kitu kama betri ya gari, kwa sababu Madam alikuwa ameniambia, "Hicho ndicho kitaingiza dunia yote Bungoma." Kumbe ni kiboksi cheusi chenye taa nne mbele na matundu matatu nyuma. Ungeweza kukitia kwenye mfuko wa sweta na mtu asijue.

Madam alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla hajafungua ofisi ya kupiga chapa na fotokopi mjini Kitale. Kufundisha aliacha, lakini macho hakuacha. Alikutazama kama mtu anayesahihisha daftari lako na tayari ameona kosa, anangoja tu ulione mwenyewe. Mimi niliingia kwake kama wa kufagia. Shule nilikuwa nimeachia kidato cha pili, tulipohama Cheptais kuja kupanga Matisi, nyumba ya chumba kimoja, mimi na mama. Nilifuta vumbi kwenye kompyuta mpaka nikajua kila kitufe kinafanya nini, na siku moja Madam akanikuta nikimchapia mteja barua. Hakunisifu. Alisema tu, "Kumbe."

Mafundi hakuwaamini hata kidogo. Fundi wa kampuni ya simu alipokuja kutuunganishia intaneti ya laini pale Kitale, Madam aliniambia nisimame nyuma yake niandike kila anachogusa. Nikaandika. Waya mwembamba kutoka ukutani kwenda tundu la kwanza. Waya mnene kutoka tundu la pili kwenda kwenye kompyuta. Halafu unaandika namba nne zenye nukta katikati, ukurasa unafunguka, unauliza jina na neno la siri. Fundi alicheka kuniona naandika mpaka rangi za taa. "Huyu atanikosesha kazi," akasema. Madam akaniambia baadaye, "Ya Bungoma utaweka wewe. Huyo asikanyage."

Siku hiyo sikulala vizuri kwa furaha. Nilijiona nimeketi Bungoma kwenye kiti kinachozunguka, watu wamepanga foleni mpaka barabarani, mimi nawaunganisha na ndugu zao walioko mbali. Mama aliniuliza, "Hiyo kazi ina shida gani, mbona unacheka peke yako?"

Chumba Madam alichokipanga Bungoma cha kufungulia saiba, duka la intaneti, kilikuwa mbele ya nyumba ya mzee mmoja aliyestaafu ukarani, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka. Yeye aliishi vyumba vya nyuma, na kati yetu kulikuwa na ukumbi mrefu mwembamba. Upande wa kulia kulikuwa na mama mshonaji na cherehani yake. Laini ya simu ilikuwa ya Mzee. Kuomba laini mpya siku hizo ilikuwa ni kungoja mpaka uote mvi, kwa hiyo Madam alipatana naye tutumie yake. Simu yenyewe Mzee aliifungia ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Niliiona siku ya kwanza nilipoenda kumsalimia, na sikushangaa. Watu wengi wenye simu ya waya walifanya hivyo, ili wageni na wapangaji wasipige bila ruhusa. Vitufe vilikuwa ndani ya sanduku, na pembeni kulikuwa na nafasi iliyokatwa ya kutolea mkono wa simu, mtu aweze kupokea tu.

"Murembe, msichana wangu," Mzee akanisalimia. "Nyumbani ni wapi?"

"Matisi, Kitale."

"Matisi ni kwa kupanga. Nyumbani."

"Cheptais, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole, akaitazama kofia yake iliyokuwa mezani. "Aa. Mrimani." Hakuuliza lingine. Mwaka ule wa vita vya wanamgambo na askari huko mlimani, kutamka Cheptais mbele ya watu ilikuwa kama kukohoa kanisani. Kila mtu aligeuka, halafu akajifanya hakusikia.

Kuunganisha kulinichukua asubuhi nzima, kwa sababu nilifuata daftari mstari kwa mstari kama mtu anayepika chakula cha watu kwa mara ya kwanza. Waya mwembamba, waya mnene, umeme. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikaanza kupepesa. Nikaandika zile namba nne, ukurasa ukafunguka, nikaingiza jina na neno la siri tulilopewa na kampuni, nikasoma mara tatu kabla ya kubonyeza. Taa ya pili ikapepesa, ikapepesa, halafu ikatulia. Ikakaa kijani. Picha ya kwanza ilipoanza kushuka kwenye kioo cha kompyuta kidogo kidogo, kama pazia, nilipiga kelele mpaka mama mshonaji akaja mbio, pini bado ziko mdomoni.

"Ni nyoka?"

"Ni intaneti, mama!"

Akatoa pini moja moja. "Nilidhani ni kitu cha kuuma."

Kwa siku tatu nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bungoma. Siku ya nne watu wakaanza kujaa, na siku hiyo ndipo laini ikaanza kukatika.

Si kukatika ovyo. Asubuhi, nikiwa na mteja mmoja au wawili, taa ilikaa kijani kama jani la mgomba. Viti vyote sita vikijaa na wengine wamesimama mlangoni, taa ya pili inazimika. Inapepesa dakika mbili tatu, inarudi. Baada ya robo saa, inazimika tena.

"Niaje, siste, hii net yenu inalalanga saa hii?" kijana mmoja wa bodaboda aliuliza.

"Subiri kidogo, inarudi."

"Nimesubiri mpaka nimesahau nilikuwa natafuta nini."

Mwanachuo mmoja alikuwa ameandika barua ndefu ya kuomba kazi. Alipobonyeza kutuma, kioo kikawa cheupe. "Siste, barua yangu imeenda wapi?" Nilitaka kumwambia nitamwandikia upya mimi mwenyewe, hata kama ni kwa mkono. Aliondoka bila kunitazama, na nikaona kwa mgongo wake kwamba hatarudi.

Nilipiga kwa yule fundi wa Kitale kwa siri, maana Madam angejua angenichinja. Akaniuliza maswali kama daktari. Waya umebana? Umebana. Kuna mahali umekatwa? Hapana. "Kuna simu nyingine kwenye hiyo laini?"

"Hapana," nikasema bila hata kufikiri.

Madam naye alipiga kila jioni kwenye simu yangu ya mkono.

"Leo imekatika saa ngapi?"

"Saa nane, halafu saa tisa, Madam."

"Watu walikuwa wangapi?"

"Viti vyote vilikuwa vimejaa."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi haina shida. Iko sawa kabisa."

Nilisikia fotokopi ya Kitale ikikoroma nyuma yake. "Kwa hiyo hiyo mashine inajua kuhesabu watu."

"Madam, hata mimi sielewi."

"Kuna saiba nyingine karibu na stendi, sindio? Wateja wakitoka kwako wanaenda wapi?"

"Huko."

"Na wewe unapata nini?"

Sikuelewa mpaka alipokata. Nikabaki nimeshika simu, masikio yananiwaka. Kesho yake akaniambia waziwazi. Atakuja Jumamosi. Akikuta ile tabia inaendelea, anafunga Bungoma, na mimi nisirudi kwake Kitale pia, kwa sababu mtu wa kuuza wateja wa tajiri wake hawezi hata kupewa ufagio.

Basi ndipo na mimi nikaanza kutazama watu. Nilikuwa sijazoea, mimi ni mtu wa kucheka na kila anayepita. Lakini ukishaambiwa wewe ni mwizi, unamtafuta mwizi kwa nguvu. Nikaona waya wetu unapita ukutani karibu na mlango wa mama mshonaji. Nikakumbuka shemeji yake anafanya kazi kwenye ile saiba ya stendi. Nikakumbuka kwamba kila laini ikikatika na watu wakitoka wakinung'unika, yeye huwa anainua uso na kutabasamu. Nikayaunganisha yote, nikaona nimempata.

Jumatano laini ilipokatika nilitoka mbio mpaka kwake.

"Mama, nakuomba, acha kugusa waya wetu."

Alikuwa ameshika pindo la nguo ya mtu. "Waya gani?"

"Wa intaneti. Najua ni wewe. Unasaidia shemeji yako."

Hakukasirika mara moja. Aliniangalia kwanza, kama anayepima kitambaa kama kitatosha. "Niguse waya wenu niushonee nini? Wewe mtoto, hiyo kola ya sweta yako nilikushonea juzi, nikakupa na chai. Leo mimi ni mwizi wa waya?"

"Mbona unachekanga ikikatika?"

"Nacheka wewe! Si unakimbia kama kuku amemwagiwa maji. Toka hapa. Na usinisalimie kesho."

Sikumsalimia kesho. Yeye hakuinua uso, na cherehani yake niliisikia siku nzima, inaenda kwa hasira, inasimama, inaenda. Roho iliniuma. Lakini laini ilikatika mara tano siku hiyo, na mama mshonaji mara zote tano alikuwa mbele ya macho yangu, mguu kwenye kanyagio. Nikajua nimemkosea bure.

Ilipokatika mara ya sita niliamua kuufuata waya kwa mkono. Nilianza kwenye modemu, nikaupapasa ukutani mpaka juu ya mlango, nikaingia nao ukumbini. Unapita juu ya picha ya kalenda, unashuka, unaingia kwenye sebule ya Mzee. Mlango ulikuwa wazi nusu.

Mzee alikuwa amesimama kando ya sanduku la mbao, kofia kichwani, mkono wa simu sikioni. Macho ameyafumba. Hakuwa anaongea. Alikuwa anasikiliza tu, kama mtu anayengoja maombi yaishe.

"Mzee," nikasema.

Akashtuka, akaurudisha mkono wa simu mahali pake haraka. "Kwani hujui kubisha?"

"Mzee, unaongea na nani?"

"Siongei na mtu. Ni raini yangu. Nasikiriza kama iko hai."

"Unasikia nini?"

Akanitazama kwa wasiwasi, halafu hamu ya kusema ikamshinda. "Kama mvua kwa mabati. Ya mbari. Nyinyi mnaongea huko ndani kwa njia yenu, mtu hawezi kushika hata neno moja. Watu wakiwa wengi mrangoni nasema, wacha nisikie wanasema nini."

Nilirudi dukani mbio. Taa ya pili ilikuwa inapepesa, ikatulia, kijani. Nikapiga kwa fundi.

"Iko simu," nikasema. "Iko simu ingine, lakini imefungwa kwa sanduku."

Alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikuuliza?"

"Iko na kufuli! Nilijua haihesabiwi."

"Kufuli inafunga vidole, haifungi umeme. Akiinua tu, laini inakufa. Kwenye katoni ya modemu kulikuwa na kidude cheupe, kama kiberiti. Hiyo ni filta. Unaweka kati ya ukuta na simu yake, basi. Wewe uliifanyia nini?"

Nilikuwa nimekiacha kwenye katoni. Kwa Madam Kitale hakuna simu ya mezani kwenye ile laini, kwa hiyo fundi hakukitumia, na mimi kwenye daftari langu hakipo.

Kumwomba Mzee ruhusa ya kukiweka ndiyo ilikuwa kazi. Ijumaa asubuhi alikishika, akakigeuza, akakitia sikioni.

"Hii si ya kusikirizia watu?"

"Hapana, Mzee. Ni ya kutenganisha. Sauti yako iende kwako, yetu ije kwetu."

"Kwa nini mnataka nisisikie yenu?"

Nikamwambia akiinua simu, yetu inakufa. Mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba niweke akinitazama, na kwamba yeye ataendelea kuinua simu yake saa yoyote anayotaka. Nikamwambia hata sasa hivi ainue. Nikakimbia dukani kusimama mbele ya taa. Wateja wote wakageuka kuona.

"Nimeinua!" Mzee akaita kutoka nyuma.

"Inawaka!" nikajibu.

"Nimeinua tena!"

"Bado inawaka, Mzee!" wateja wakajibu pamoja na mimi, wakacheka.

Baada ya muda kidogo akatokea ukumbini, uso umekunjamana. "Ire mvua imeenda wapi?"

Nilienda pia kwa mama mshonaji kumwomba msamaha. Nikasema, mama, nilikosea, nilikuonea. Alishona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. "Nimesikia," akasema. Hakuniambia nikae.

Jumamosi Madam alifika kabla sijafungua. Alivaa saa yake ya kufundishia na akaketi kwenye kona na chupa ya chai, hakuvua hata shali. Nikamwambia kila kitu kiko sawa. "Tutaona," akasema.

Ilikuwa siku ya soko. Kufikia saa tano viti vyote vilikuwa vimejaa. Saa saba watu walikuwa wamesimama mpaka barazani. Taa ilikaa kijani. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kila mteja akitoka namwangalia Madam nione kama ameona. Saa tisa ikapita. Saa kumi. Haikukatika hata mara moja.

Madam akafunga chupa yake.

"Wiki mbili inakatika kila siku watu wakijaa," akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Leo nimekuja mimi, haikatiki. Unanifanya mtoto?"

Katika ndoto zangu zote za siku hiyo sikuwahi kuota kwamba kupona kwa laini ndiko kutanihukumu.

"Ilikuwa na shida, Madam. Nimeitengeneza jana."

"Shida gani iliyojua ratiba yangu? Nani alikuwa anakata?"

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa ukumbini. Alikuwa amekuja kusikia, kama kawaida yake. Wateja walikuwa wamejaa, wawili watatu niliwajua ni wa kanisani kwake, wanamwita baba. Nilimwona anashika kofia yake kwa mikono miwili. Na mimi sikuweza. Nikamfikiria mzee wa kanisa anatajwa mbele ya watu kwamba anasimama chumbani kwake akichungulia maneno ya wapangaji kwa sikio.

"Ni mimi, Madam," nikasema. "Kulikuwa na filta, nikaisahau kwa katoni."

"Umeisahau wiki mbili."

"Sikujua kazi yake."

"Uliniambia uliandika kila kitu." Akasimama. "Panga vitu vyako. Tunaenda Kitale pamoja, nikuone ukifika kwa mama yako, halafu tumalizane."

Nikaanza kupanga. Sikuwa na vitu vingi. Daftari, kikombe, sweta. Kijana wa bodaboda alisema, "Ah, madam, si huyu dem ni poa," na Madam akamtazama, kijana akarudi kwenye kioo chake.

"Mwarimu," Mzee akasema. "Ngoja kidogo."

Hakuingia ndani. Alisema akiwa pale pale mlangoni, akiitazama kofia. "Mimi ndiye nirikuwa nainua simu. Nikiinua, yao inakufa. Sikujua inakufa. Rakini nirikuwa nainua."

"Wewe, Mzee? Kwa nini?"

"Nasikiriza."

"Unasikiliza nini?"

Vidole vya wateja vilisimama. Hata cherehani ya jirani ilinyamaza.

"Huyu msichana ametoka mrimani," Mzee akasema. "Unajua hari ya huko, Mwarimu. Niriona watu wengi wanaingia, vijana, siwajui. Nikasema, wacha nijue kama anaongea na wenzake wa huko kwa raini yangu. Kesho askari wakikuja, jina ra raini ni rangu."

Sijui kwa nini sikulia. Nadhani ni kwa sababu alisema kwa aibu, si kwa ubaya, na kwa sababu nilikuwa nimemfanyia mama mshonaji hivyo hivyo. Nikamwambia, "Mzee, mama yangu yuko Matisi, anauza sukuma wiki. Huko mlimani hatuna mtu tena wa kuongea naye."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akarudi nyuma, tukasikia mlango wake.

Madam aliitazama ile modemu. Nilijua anatafuta kosa lingine, maana ndivyo alivyokuwa, na nilijua hajalipata. Mwishowe akasema, "Weka hilo begi chini." Akaketi kwenye kiti changu, kile kinachozunguka. "Nionyeshe mahali pa kubadilisha neno la siri la hii kitu."

Nikamfungulia ule ukurasa, nikamwonyesha mstari wa kuandikia.

"Nitaweka langu. Hakuna mtu atakayeligusa bila mimi. Si wewe tu, ni mtu yeyote." Akaivuta kibodi. "Geuka huko."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na dirisha, na jua la jioni lilikuwa limeligeuza kioo. Nilimwona ndani yake vizuri kabisa, Madam na kidole chake kimoja, akitafuta herufi moja baada ya nyingine, polepole kama watoto aliowafundisha. Herufi ya kwanza niliiona.

Nikafumba macho mpaka nikamsikia anasema, "Haya. Endelea na kazi."